Busu lisilo na majina

Mwezi wa kumi mwaka jana nilikuwa nyumbani Lupaso, msimu wa korosho, kila mtu yuko shambani anaokota. Jioni nimekaa na mjomba wangu barazani, mimi nasoma kwenye simu, yeye anatengeneza mpini wa jembe. Akauliza nasoma nini mpaka nimekunja uso. Nikasita kidogo, halafu nikampa simu. Kwenye kioo kulikuwa na picha ya kuchora: wanaume wawili wanabusiana.

Mjomba akaisogeza simu mbali na macho, kama wafanyavyo watu wa umri wake, akaitazama muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Nilikuwa nimeshajiandaa kwa mahubiri. Yeye akasema, "Hiki si kitambaa cha kawaida mjomba. Hili ni gome?" Nikamwambia ndiyo, ni gome la mti kutoka Uganda. Akaeleza kwamba hata huku, kabla ya merikani kujaa madukani, babu zake walijifunga magome. Halafu ndipo akauliza: "Na hawa wawili ni kina nani?"

"Hawajatajwa."

"Aa. Nilidhani ni ya gazetini."

Akanirudishia simu, akaendelea na mpini wake. Yaani hiyo ndiyo hukumu nzima ya mjomba wangu juu ya mojawapo ya picha zinazozungumzwa sana katika sanaa ya Afrika Mashariki ya leo. Nimeizungusha kichwani tangu siku ile, kwa sababu bila kujua alikuwa amegusa penyewe. Picha ya gazetini na picha ya kuchora zote zinaonyesha. Lakini hazionyeshi kitu kilekile, na kwa watu wanaopenda wa jinsia yao, tofauti hiyo inaweza kuwa ndiyo uhai wao.

Picha yenyewe inaitwa "Kampala Suburb", yaani kitongoji cha Kampala. Ni ya mwaka 2014. Aliyeichora ni Michael Armitage, mzaliwa wa Nairobi mwaka 1984, aliyesomea uchoraji London na ambaye kwa miaka mingi maisha yake yaligawanyika kati ya miji hiyo miwili. Ni rangi za mafuta juu ya lubugo, kitambaa cha gome cha Waganda. Niseme mapema ili tusidanganyane: sijaiona ana kwa ana. Nimeiona kwa nakala tu, kama ambavyo wengi wetu tunaijua sanaa ya watu wetu wenyewe, ambayo huanzia kuta za Ulaya halafu inatufikia kupitia bando la intaneti.

Sasa kumbuka mwaka ule. Tarehe 24 Februari 2014 Rais Museveni alitia saini sheria dhidi ya mapenzi ya jinsia moja. Kesho yake gazeti la Red Pepper la Kampala likatoa orodha ya watu 200 liliowaita mashoga wakubwa wa nchi ile. Halikuwa la kwanza kufanya hivyo. Mwaka 2010 gazeti dogo lililojiita Rolling Stone, lisilohusiana kabisa na lile la Marekani, liliweka sura na majina ya watu, ukurasa wa mbele ukiwa na uso wa mwanaharakati David Kato. Januari 2011 Kato aliuawa nyumbani kwake. Sheria ya 2014 ilifutwa na Mahakama ya Katiba mwezi wa nane mwaka huohuo, kwa sababu bunge halikuwa na akidi ilipopitishwa. Mwaka 2023 ikaja nyingine kali zaidi, yenye adhabu ya kifo kwa baadhi ya makosa.

Kwa hiyo ukisikia wahakiki wa nje wanaisifu sanaa ya aina hii kwa neno "mwonekano", kwamba inawapa mashoga mwonekano, simama kwanza. Kampala ya 2014 haikuwa na upungufu wa mwonekano. Watu walionekana kupita kiasi. Walionekana na mwenye nyumba, na mwajiri, na majirani, na baba zao. Walichokosa ni kuonekana bila kukamatwa na jicho.

Na Watanzania tusinyooshe kidole haraka. Mwishoni mwa Oktoba 2018 mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam wa wakati ule, Paul Makonda, aliwaomba wananchi wampelekee majina ya watu wanaowadhania kuwa mashoga, na akasema majina yanaingia kwa wingi. Siku chache baadaye Wizara ya Mambo ya Nje ilitamka kwamba hayo yalikuwa maoni yake binafsi, si msimamo wa serikali. Lakini majina yalishatumwa. Hapo hata picha haikuhitajika. Jina tu na namba ya simu.

Hapa naomba niingize sayansi kidogo, maana bila hiyo hoja yangu inabaki hisia.

Jicho lako halitazami picha nzima kwa usawa. Sehemu ya retina inayoona kwa ukali ni ndogo mno. Ukinyoosha mkono, inatosha kama kucha ya kidole gumba. Kwa hiyo jicho linarukaruka, mara kadhaa kwa sekunde, likichagua pa kutua. Mwanasayansi wa Kisovieti Alfred Yarbus alirekodi mirukoruko hiyo kwa watu waliokuwa wakitazama mchoro wa Ilya Repin, unaomwonyesha mtu anayerudi nyumbani ghafla bila kutarajiwa. Macho yao yalikwenda kwenye nyuso, yakaondoka, yakarudi kwenye nyuso. Na ukiwabadilishia swali, wakisie umri wa watu au hali ya maisha ya familia ile, njia ya macho nayo inabadilika. Maana yake tunatazama kwa maswali. Anayetazama picha ya gazeti la orodha anakuwa na swali moja tu: ni nani huyu?

Kuna jaribio lingine ninalolipenda zaidi, la Uingereza mwaka 1999. Watafiti walichukua video mbovu za kamera ya ulinzi zikionyesha wahadhiri wakipita, wakawapa watu wa makundi matatu wawatambue: wanafunzi wa wahadhiri hao, wanafunzi wasiowajua, na polisi wenye uzoefu wa kazi ya utambuzi. Polisi walifanya vibaya sawasawa na wageni wengine. Wanafunzi waliowajua walimu wao waliwatambua karibu bila makosa, hata picha ilipokuwa ya hovyo kabisa. Watafiti walipoficha umbo la mwili au mwendo, utambuzi ulipungua kidogo tu. Walipoficha uso, uliporomoka.

Fikiria maana yake. Picha mbovu haimkingi mtu dhidi ya wale wanaomjua. Inamkinga dhidi ya polisi asiyemjua, lakini si dhidi ya shangazi yake. Na anayekuumiza mara nyingi si mgeni.

Hili nalijua kwa njia mbaya. Nilipokuwa mwaka wa pili chuoni, kwenye kundi moja la WhatsApp ilitumwa picha. Watu wawili gizani, wamekaribiana, imepigwa kwa mbali kupitia dirishani, ukungu mtupu. Chini yake mtu ameandika, "Nani anawajua hawa?" Nilimtambua mmoja wao kabla sijamaliza kusoma swali. Ni sikio na namna ya kuinamisha shingo. Alikuwa rafiki yangu. Sikuandika chochote. Watu wakacheka kwa vikatuni, wakabuni majina, hakuna aliyepatia, na baada ya siku mbili mada ikahamia mikopo ya wanafunzi. Nilijiona mwema kwa kunyamaza. Leo sina uhakika sana. Sikusema "ifuteni" pia.

Umeona sijakuambia kama rafiki huyo ni mvulana au msichana. Sikujisumbua kuficha, ni Kiswahili chenyewe. Lugha yetu haina "yeye wa kike" na "yeye wa kiume". Ukisema "alimbusu", umetaja tendo zima na hujataja jinsia ya mtu yeyote. "Mpenzi", "mwandani", "muhibu", "nimpendaye", yote milango imefungwa. Mwimbaji anaweza kulia usiku kucha kwa ajili ya mtu na usijue ni nani. Sisemi washairi wa pwani walikuwa wanaficha jambo. Nasema sarufi inaacha nafasi, na kila mwenye kuhitaji anaweza kukaa humo kimya kimya.

Brashi haina nafasi hiyo. Mchoraji akichora "alimbusu", lazima achague: kidevu kina ndevu au hakina? Mabega ya nani? Kwa hiyo kuhama kutoka sentensi ya Kiswahili kwenda kwenye picha ni kufichua, hata kama mchoraji hana nia mbaya. Ndiyo maana nadhani uchoraji wa mapenzi haya ni jambo gumu kwetu kuliko ushairi wake. Na ndiyo maana inafaa kuangalia kwa makini Armitage amefanya nini na uzito huo.

Jambo la kwanza liko kwenye jina la picha. Limetupa anwani, halikutupa watu. Tunajua ni Kampala, tunajua ni kitongojini, basi. Linganisha na picha yake ya 2017 inayoitwa "Conjestina". Pale mwanamke amesimama uchi na glavu za ngumi mikononi, na jina lake limeandikwa: Conjestina Achieng, bondia wa Kenya ambaye maisha yake, ushindi wake na maradhi yake vilikuwa tayari kwenye kila gazeti. Aliyekwisha kuchukuliwa na magazeti, Armitage anamtaja. Wale wawili wa Kampala hakuwataja. Wana nyuso, hawana utambulisho. Tazama utakavyo; hakuna shangazi wa mtu atakayeshtuka.

Na Armitage anajua vizuri jicho la umati linafanya nini. Mwaka 2015 alichora "#mydressmychoice", baada ya mwanamke mmoja kuvuliwa nguo na wanaume kwenye kituo cha matatu Nairobi mwezi wa kumi na moja 2014, na video yake kusambaa. Alimlaza mwanamke kwa mkao wa Venus wa Velázquez, mgongo kwetu, na juu akaweka miguu ya wanaume waliosimama. Ukisimama mbele ya picha ile unagundua kwamba na wewe una miguu. Ni picha inayomkera mtazamaji, na naiona imefanikiwa kwa sababu hiyo. "Kampala Suburb" ni laini zaidi, haimshtaki mtu. Kuna wakati natamani ingeshtaki.

Tuje kwenye gome, maana mjomba alianzia huko na alikuwa na haki.

Lubugo inatoka kwenye mutuba, mti wa jamii ya mikuyu ambao wataalamu wa mimea wanauita Ficus natalensis. Gome la ndani huvuliwa wakati wa mvua, shina likafungwa kwa majani ya migomba ili lisikauke, na mti unaotesha gome jipya. Lile lililovuliwa hupondwa kwa nyundo za mbao saa nyingi. Nyuzinyuzi haziwi zimefumwa kama pamba. Zimelala ovyo, zimeshikana kwa kupondwa tu. Likianikwa juani linageuka rangi ya udongo wa kuchoma. Palipokuwa na tawi panabaki tundu, na matundu hushonwa. UNESCO iliutambua ufundi huu mwaka 2005. Armitage mwenyewe aliuona mara ya kwanza kwenye soko la watalii Nairobi, ukiuzwa kama vitambaa vya mezani.

Sasa rangi za mafuta hazikauki kama maji yanavyokauka. Mafuta ya mbegu za kitani yanavuta oksijeni kutoka hewani na kujiunga yenyewe kuwa utando mgumu, kazi inayochukua siku, na ndani zaidi miaka. Mchakato huohuo ukigusa selulosi tupu ya gome au pamba, unaila taratibu, nyuzi zinakuwa kama karatasi ya zamani. Ndiyo maana kitambaa hupakwa kwanza kinga kabla ya rangi. Hata hivyo gome halitulii. Lina vilima, mishono na matundu, na mchoraji anaweka rangi nyepesi, anakwangua, anarudia. Matokeo yake, jicho lile linalokimbilia nyuso linakwama njiani. Linatua kwenye mshono. Linatua kwenye kovu ambalo halikuchorwa na mtu, ni la mti. Swali la "ni nani huyu" linapoteza kasi, na nafasi yake inachukuliwa na maswali mengine. Hilo gazeti haliwezi kulifanya. Karatasi ya gazeti ni laini kwa makusudi.

Kuna jambo kwenye gome hili lililonikwaza mwanzoni. Lubugo ni sanda. Waganda wamezikia wafu wao humo. Nikawaza, haya, tumeanza tena: kila mapenzi ya aina hii yakichorwa, au yakiwekwa kwenye filamu au riwaya, lazima kaburi liwe karibu. Busu juu ya sanda! Ni rahisi mno, na wahakiki wa London wanapenda vitu vya namna hiyo. Lakini baadaye nikasoma zaidi juu ya matumizi ya lubugo na nikalazimika kurudi nyuma. Ni vazi la kutawazwa mfalme vilevile, na la shughuli za uponyaji. Mtu wa Kampala akiiona picha ile hawezi kuona sanda peke yake. Busu lile limewekwa juu ya kitambaa cha heshima, na sheria ya mwaka uleule ilikuwa inasema watu hawa si wa utamaduni huu. Gome linabisha, bila kupandisha sauti. Hapo nampongeza.

Lakini kuna jambo jingine ambalo bado sijamsamehe. Kwa nini Kampala?

Armitage ni Mkenya. Kenya ina vifungu 162 na 165 vya kanuni ya adhabu, urithi wa Waingereza kama wetu, na tarehe 24 Mei 2019 Mahakama Kuu ya Nairobi ilikataa kuvifuta. Mwaka 2018 bodi ya filamu ya Kenya iliipiga marufuku "Rafiki" ya Wanuri Kahiu, hadithi ya wasichana wawili wa Nairobi wanaopendana, filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa kuonyeshwa Cannes. Mahakama ikaruhusu ionyeshwe siku saba tu, na kumbi zikajaa. Vitongoji vya Nairobi vina mabusu ya kutosha. Kuyapeleka Kampala ni kama kuona moshi kwa jirani ilhali na jikoni kwako kunaungua. Najua mwaka 2014 Uganda ndiyo ilikuwa kwenye vichwa vya habari dunia nzima. Ila hiyo nayo ni sehemu ya tatizo: jina "Kampala" kwa mtazamaji wa London lilikuwa tayari limebeba maana, halikuhitaji maelezo. Picha iliyokataa kutumia majina ya watu ikatumia jina la mji kama gazeti linavyolitumia.

Na mimi ninayeyaandika haya kutoka Masasi, nchi yenye kifungu cha 154 na adhabu yake ya miaka isiyopungua 30 hadi maisha, nimechagua kuhakiki picha ya Kampala iliyochorwa na mtu wa Nairobi. Sawa. Nimejiona.

Ngoja basi nirudi kwetu. Mjomba wangu utoto wake aliupitia Newala, kule juu uwandani, na amecheza lipiko. Kwa asiyejua: lipiko ni ngoma ya kinyago ya Wamakonde, na ina uhusiano na jando na unyago. Mchezaji amefunikwa mwili mzima, kinyago kichwani. Vipo vinyago vya mwili pia, ubao wa mti mwepesi uliochongwa matiti na tumbo la mimba, na chale za Kimakonde juu yake, ambao kijana wa kiume huufunga kifuani na kucheza uchungu wa mwanamke. Siku hizi vimetundikwa kwenye makumbusho ya Ulaya, kwenye vioo, tumbo tupu bila mtu nyuma yake.

Sisemi ngoma ile ni ya ushoga. Ningesema hivyo mjomba angenikimbiza na ule mpini. Ninachotaka ni kanuni yake ya kutazama. Wanawake na wasiopitia jando walikuwa wakiambiwa kwamba yule si mtu, ni mzimu umekuja. Wakubwa wa kike walijua sana ni mtoto wa nani, wengine wamemzaa wao. Lakini hakuna aliyetaja. Kumtaja mchezaji jina lilikuwa kosa kubwa kuliko kumjua. Mjomba anasema mama yake siku moja alimpa maji baada ya ngoma akamwambia tu kwamba mzimu wa leo ulikuwa na kiu.

Kwa hiyo kuona bila kutaja si adabu ya kisasa iliyoletwa na mashirika. Tunayo. Kanga ni hivyohivyo: ujumbe umeandikwa, jirani ameuelewa, hakuna jina. Jak Katarikawe, mchoraji wa Uganda aliyeishi Nairobi, alichora ng'ombe na tembo wakipendana kwa macho ya kibinadamu kabisa, na kila mtu alijua hao si ng'ombe. Armitage aliwahi kumweka Katarikawe pamoja na wachoraji wengine wa ukanda huu katika maonyesho yaliyopewa jina la Kiswahili, "Mwili, Akili na Roho", hivyo anajua anakotoka.

Tatizo la adabu hii ni kwamba inamnufaisha zaidi anayetazama. Mimi nilinyamaza kwenye lile kundi na nikalala vizuri. Rafiki yangu hakulala. Kunyamaza kwa mashahidi wengi kunaweza kuonekana kama usalama kwa nje na kama kufutwa kwa ndani.

Kawira Mwirichia, msanii wa Kenya aliyefariki mwaka 2020 akiwa bado kijana, aliligusa hili kwa namna inayonivutia kuliko Armitage, ingawa hakutumia kanvasi wala gome. Kwenye mradi wake "To Revolutionary Type Love", uliooneshwa Nairobi mwaka 2017, alibuni kanga kwa ajili ya nchi mbalimbali za dunia, kila moja ikibeba historia ya mapenzi haya katika nchi hiyo pamoja na usemi wake. Wazo alilitoa kwenye harusi, pale kanga zinapotandikwa chini ili bibi harusi apite. Aliwatandikia watu ambao hakuna aliyewahi kuwatandikia. Yeye hakusema "hawa hapa, watazameni". Alisema piteni. Na alitumia kitu ambacho mama yangu anacho sandukuni, si kitu cha kununuliwa na matajiri London. Kanga ikifuliwa inachuja, ikichakaa inafungiwa mtoto. Msanii anayekubali kazi yake iishie mgongoni mwa mtoto ana ujasiri ambao soko la sanaa haliujui.

Kisha yupo Zanele Muholi wa Afrika Kusini, aliyekwenda upande wa pili kabisa. Tangu 2006 anapiga picha za wasagaji na watu waliobadili jinsia, wakitazama kamera moja kwa moja, na chini ya kila picha kuna jina, mahali na mwaka. Jina lilelile ambalo Red Pepper iliiba, hapa limetolewa na mwenyewe. Uso uleule, taarifa zilezile, tendo tofauti kabisa. Afrika Kusini ina katiba inayowalinda, angalau kwenye karatasi, na wapo waliouawa pamoja na hiyo karatasi. Sidhani kama mtu wa Masasi anaweza kuambiwa leo aende akafanye hivyo. Lakini ukishaziona picha zile, busu la Kampala linaonekana pungufu. Zuri, limelindwa vizuri na gome lake, na bado pungufu: watu wawili ambao hawakuulizwa, kwa sababu hawapo wa kuulizwa.

Kabla ya kuandika nilimtafuta rafiki yangu. Hakai tena Tanzania. Nikamweleza kuhusu ile picha ya dirishani, kwamba nilimtambua siku ileile. Akasema alijua. Alikuwa ndani ya lile kundi kwa namba nyingine, akahesabu nani wamecheka na nani wamenyamaza, na wa kunyamaza tulikuwa wengi kuliko nilivyodhani. Nikamtumia "Kampala Suburb". Alikaa kimya dakika kadhaa, nikaona anaandika, anafuta, anaandika.

Akauliza kama kwenye maonyesho watu wanaruhusiwa kupiga picha mbele yake. Nikamwambia nadhani ndiyo, siku hizi karibu kila mahali wanaruhusu.

"Na hakuna anayeandika chini yake, nani anawajua hawa?"

Nikamwambia hakuna. Kisha nikamuuliza kama naweza kuandika habari yake, akasema niandike, ila nisiweke kitu cha kumtambulisha. Nikamuuliza hata sikio na shingo? Akacheka kwanza. Halafu akasema sikio niweke tu.